Murumbi: Makamu wa Rais aliyeng'atuka akabaki na vitabu vyake

MTU akiombwa kuwataja makamu wa rais wa Kenya kwa mfuatano, ataanza na Jaramogi Oginga Odinga, kisha mara nyingi ataruka hadi kwa Daniel arap Moi. Katikati ya majabali hao wawili alikuwapo Joseph Zuzarte Murumbi, aliyeshika wadhifa huo kwa miezi michache ya mwaka wa 1966, halafu akauacha kwa hiari yake mwenyewe.

Hakufutwa kazi, hakushindwa uchaguzini wala hakutiwa kizuizini. Aliaga siasa akiwa na umri wa miaka 55, akarejea nyumbani kwake mtaani Muthaiga, jijini Nairobi, kwenye rafu za vitabu alivyokuwa amevikusanya kwa miaka mingi na ambavyo aliendelea kuviongeza muda mrefu baada ya kuondoka serikalini.

Wanaoandika kuhusu Murumbi aghalabu hushughulikia kujiuzulu huko, na si ajabu, kwani ni nadra mno katika nchi hii kumwona mkubwa akiondoka kitini pasipo kusukumwa. Lakini siasa ilikuwa sehemu fupi ya maisha yake. Kazi aliyoifanya kwa muda mrefu zaidi, na ambayo matunda yake yangali yanashikika kwa mikono, ni ile ya kusoma, kutafuta na kuhifadhi maandishi kuhusu Afrika.

Murumbi alizaliwa mnamo Juni 18, 1911, Eldama Ravine. Babake, Peter Zuzarte, alikuwa mfanyabiashara kutoka Goa, sehemu ya Bara Hindi iliyokuwa chini ya Wareno hadi mwaka wa 1961. Mamake alikuwa Mmaasai wa Uasin Gishu, binti wa oloiboni aliyeitwa Murumbi. Wamaasai hao walikuwa mabaki ya jamii iliyotawanywa na vita vya wao kwa wao katika karne ya 19, wakapata makao katika maeneo yanayoizunguka Ravine.

Akiwa bado mtoto mdogo, alipelekwa India kusoma. Alikulia katika shule za wamisionari wa Kikatoliki, Bangalore na baadaye Bellary, mbali na wazazi wake wote wawili. Alipopanda meli kurudi Kenya mwaka wa 1933 alikuwa kijana wa miaka 22 aliyejua vyema Kiingereza na desturi za Wahindi, lakini ambaye nchi ya kuzaliwa kwake ilikuwa ngeni machoni pake. Wala hakuwa na lugha ya mamake.

Nchi aliyoikuta ilikuwa imewapanga watu kwa rangi. Mzungu alikuwa juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na mishahara katika ofisi za serikali ilifuata ngazi hizo hizo. Mtoto wa Mgoa aliyesoma angeweza kujiegemeza upande wa babake na kulipwa vizuri zaidi kwa kazi ile ile. Murumbi alichagua upande wa mamake. Alilichukua jina la babu yake mzaa mama na kutaka ahesabiwe kuwa Mwafrika, uamuzi ambao kifedha ulikuwa wa hasara tupu.

Mwandishi wa makala haya anaamini kwamba hapo ndipo penye chimbuko la ukusanyaji wake wa vitabu. Mtu aliyelelewa na nyanyake akisimuliwa hadithi za ukoo jioni baada ya jioni halazimiki kutafuta asili yake kwenye maandishi. Murumbi hakuipata bahati hiyo. Alichokosa utotoni alikitafuta ukubwani kwa njia aliyoijua, nayo ni njia ya msomaji.

Alifanya kazi ya ukarani kwa miaka kadhaa. Mwaka wa 1941, Waingereza walipoiteka Somalia kutoka mikononi mwa Waitaliano, alijiunga na utawala wa kijeshi uliowekwa huko, akakaa takriban miaka kumi. Alirejea Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati vuguvugu la chama cha Kenya African Union lilipokuwa limepamba moto. Aliyemvuta kwenye siasa ni Pio Gama Pinto, mwanahabari na mpiganiaji uhuru ambaye naye alikuwa na asili ya Goa. Urafiki wao haukukatika hadi kifo, na kama tutakavyoona, hata kifo hakikuukata.

Mnamo Oktoba 20, 1952, serikali ya mkoloni ilitangaza hali ya hatari. Jomo Kenyatta, Achieng Oneko, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba na Paul Ngei walikamatwa na kupelekwa Kapenguria kushtakiwa. Chama kilibaki bila viongozi. Murumbi, ambaye hakuwa amekaa sana katika siasa, alijikuta akikaimu ukatibu mkuu, akihangaika kutafuta mawakili na kueleza ulimwengu yaliyokuwa yakitendeka nchini.

Mwaka wa 1953 aliondoka kwenda ng'ambo kuitetea Kenya, kwanza India, kisha Misri, na hatimaye Uingereza. Chama chake kilipigwa marufuku mwaka huo huo. Safari iliyokusudiwa kuwa fupi ikageuka uhamisho wa miaka tisa.

Jijini London alifanya kazi na vuguvugu la kupigania uhuru wa makoloni lililoanzishwa mwaka wa 1954 chini ya mbunge Fenner Brockway, na baadaye akaajiriwa katika ubalozi wa Moroko. Kipato chake kilikuwa kidogo. Hata hivyo, miaka hiyo ndiyo iliyompa nafasi ambayo Mwafrika aliyebaki nyumbani hangeipata kwa urahisi.

London ilikuwa makao makuu ya himaya, na himaya ni kiumbe kinachoandika sana. Kwa zaidi ya karne moja wasafiri, wamisionari, wanajeshi, mabaharia na maafisa wa serikali waliotoka Afrika walichapisha vitabu vyao huko. Wenye vitabu hivyo walipofariki, warithi wao waliviuza kwa wenye maduka ya vitabu vikuukuu, mara nyingine kwa bei ya kutupa, kwani katika miaka ya 1950 ni wachache waliodhani kwamba kitabu cha mmisionari wa Mombasa kingekuja kuwa na thamani.

Inafaa kueleza hapa ni vitabu vya aina gani. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa shirika la kimisionari la Church Missionary Society, alifika Mombasa mwaka wa 1844, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka wa 1882, muda mfupi baada ya yeye kuaga dunia. Edward Steere, askofu wa Zanzibar, alitoa mwongozo wake wa sarufi ya Kiswahili mwaka wa 1870. Joseph Thomson wa Scotland alipita katika nchi ya Wamaasai kati ya mwaka wa 1883 na 1884, akachapisha simulizi yake mwaka wa 1885. Hiyo ni mifano michache tu ya fasihi iliyoandikwa na wageni kuhusu wenyeji ambao wengi wao hawakupata kuisoma.

Msomaji anaweza kuuliza ni kwa nini Mwafrika mzalendo agharimike kununua maandishi ya watu waliowadharau Waafrika. Swali hilo ni la haki. Vitabu vingi vya wakati huo vimejaa kiburi na mara nyingine uongo wa wazi. Lakini humo humo mna majina ya vijiji, nasaba za machifu, bei za pembe na nguo, michoro ya nyumba na mapambo, orodha za maneno na ramani za njia za misafara. Mwanahistoria stadi hupembua pumba na mchele. Kama hakuna kitabu, hakuna cha kupembua.

Murumbi alikuwa mpembuzi wa namna hiyo. Alikuwa na jicho la mtunza hesabu, pengine alilolipata katika miaka ya ukarani, na hakukusanya vitabu pekee. Alikusanya pia stempu za posta za Afrika, barua na nyaraka rasmi, vitambaa, vinyago, shanga, vito na michoro. Katika kazi hiyo alikuwa na mwenzi, Sheila Kaine, Mwingereza aliyekutana naye London na ambaye alikuja kuwa mkewe. Mkusanyo huo hadi leo hutajwa kwa majina ya wote wawili, na ndivyo inavyostahili.

Alirejea Kenya mwaka wa 1962. Mwaka uliofuata alichaguliwa mbunge katika jiji la Nairobi kwa tiketi ya Kanu, akawa waziri katika ofisi ya Waziri Mkuu, na kuanzia Desemba 1964 akawa Waziri wa Mashauri ya Kigeni. Nchi changa ilihitaji balozi, mabalozi na sera, na mtu aliyezunguka India, Misri na Uingereza akibisha milango ya wakubwa alikuwa na ujuzi ambao haukuwa kwa wengi.

Lakini kuna jambo jingine la wakati huo ambalo halizungumzwi sana. Serikali ya mkoloni ilipokuwa ikifungasha virago, ilihakikisha kwamba baadhi ya karatasi zake hazitaangukia mikononi mwa Wakenya. Nyingine zilichomwa. Nyingine, majalada yapatayo 1,500, zilisafirishwa kwa ndege hadi Uingereza mwezi wa Desemba 1963, siku chache kabla ya bendera ya Kenya kupandishwa.

Karatasi hizo zilifichwa kwa karibu nusu karne. Zilikiriwa kuwapo mwaka wa 2011 pekee, wakati wazee waliopigania uhuru wakiwa chini ya vuguvugu la Mau Mau walipokuwa wameishtaki serikali ya Uingereza mjini London kwa mateso waliyotendewa vizuizini. Ushahidi uliokuwa humo ulisaidia kuifikisha kesi hiyo kwenye makubaliano ya Juni 2013, ambapo wazee 5,228 waliahidiwa fidia. Wenzao wengi walikuwa wamekwisha kufa wakisubiri.

Murumbi hakuishi kuyaona hayo, ila alielewa mapema kwamba taifa lisiloshika karatasi zake hutegemea kumbukumbu za wengine. Alikuwa miongoni mwa waliohimiza kuwepo kwa idara ya kuhifadhi nyaraka, na sheria iliyoianzisha ilipitishwa mwaka wa 1965. Baada ya kuacha siasa aliitumikia idara hiyo kama kaimu mwenyekiti, wadhifa usio na king'ora wala bendera kwenye gari.

Mwaka huo huo wa 1965 ulimletea msiba. Asubuhi ya Februari 24, Pio Gama Pinto, aliyekuwa mbunge wakati huo, alipigwa risasi na kuuawa nje ya nyumba yake Westlands, Nairobi, bintiye mdogo akiwa ndani ya gari. Yalikuwa mauaji ya kwanza ya kisiasa katika Kenya huru. Kwa Murumbi, aliyeondoka kwa rafiki huyo kwenda kila alikofika, kilikuwa kipigo ambacho waliomjua wanasema hakupata kupona.

Kisha ukaja mkutano wa Kanu wa Limuru mwezi wa Machi 1966, ambapo Jaramogi alivuliwa madaraka chamani. Mwezi uliofuata Jaramogi alijiuzulu umakamu wa rais. Mzee Kenyatta alimteua Murumbi kuchukua nafasi hiyo mwezi wa Mei, na kabla ya mwaka kwisha Murumbi alikuwa ameiacha. Sababu iliyotolewa hadharani ilikuwa afya. Marafiki zake na wanahistoria wametaja mengine: kifo cha Pinto, na jinsi waliokuwa karibu na mamlaka walivyokuwa wakijinyakulia ardhi na mali ya umma. Moi aliapishwa kuwa makamu wa rais mwezi wa Januari 1967.

Aliyeacha serikali hakuacha kula. Murumbi aliingia katika biashara na kuwa mwenyekiti wa tawi la kampuni ya sigara ya Rothmans nchini. Wapo watakaoguna kwamba fedha za tumbaku ndizo zilizonunua hazina ya taifa. Waache wagune. Ukilinganisha na njia ambazo wengine walizitumia kujitajirisha wakati huo, mshahara wa kampuni ni kitu safi, na kila aliyeitembelea nyumba ya Muthaiga aliona mshahara huo ulikokwenda.

Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba vitabu vyake vilipita 50,000, na kati ya hivyo zaidi ya 8,000 vilikuwa vimechapishwa kabla ya mwaka wa 1900. Idadi kama hiyo ni rahisi kuitamka na vigumu kuifikiria. Tukikadiria kwamba kitabu kimoja kina unene wa sentimita tatu, vitabu 50,000 vikipangwa sambamba vitachukua rafu ya urefu wa kilomita moja unusu. Anayesoma kitabu kimoja kila siku bila kupumzika Krismasi wala Idi atahitaji miaka 137 kuvimaliza.

Ni dhahiri basi kwamba Murumbi hakuvisoma vyote, na mkusanyaji yeyote wa kweli atakuambia kwamba hilo halikuwa lengo. Msomaji wa kawaida hununua kitabu anachotaka kukisoma leo. Mkusanyaji hununua pia kile ambacho mtu asiyemjua atakihitaji miaka hamsini baadaye, na hukinunua sasa kwa sababu nakala zimebaki chache na kesho hazitakuwapo.

Kuvinunua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuvilinda, na hapa Afrika Mashariki kitabu kina maadui wengi. Mchwa hupanda ukutani usiku mmoja na kula rafu nzima kutoka nyuma, jalada likibaki zima kana kwamba hakuna kilichotokea. Unyevu huleta ukungu. Jua hufifisha wino na kukausha gundi. Karatasi za zamani zilizotengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani huvumilia, lakini zile za miti zilizoenea katika nusu ya pili ya karne ya 19 zina asidi ndani yake, nazo hugeuka za rangi ya chai na kuvunjika kama mkate mkavu. Kwa maneno mengine, vitabu vingi vya himaya vilichapishwa kwenye karatasi inayojila yenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Murumbi alikutana na Alan Donovan, Mmarekani aliyekuja Afrika mwishoni mwa miaka ya 1960 kufanya kazi ya misaada nchini Nigeria, kisha akaiacha na kushika njia hadi Kenya. Donovan alikuwa amefanya maonyesho ya vitu alivyovipata Turkana. Kwa masimulizi yake, Murumbi alivutiwa navyo hata akamwomba arudi Turkana amletee mkusanyo kamili. Huo ndio mwenendo wa mkusanyaji: haridhiki na kizuri kimoja maadamu anajua kuna seti.

Kutokana na urafiki huo lilizaliwa duka na jumba la sanaa la African Heritage jijini Nairobi, lililoleta pamoja kazi za mafundi na wasanii kutoka pembe zote za bara. Kwa miongo mitatu hivi lilikuwa mlango ambao kupitia kwake wageni wengi walikutana na sanaa ya Afrika. Donovan aliaga dunia mwezi wa Desemba 2021, naye alitumia miaka yake ya mwisho akilipigania jina la rafiki yake.

Katikati ya miaka ya 1970 Murumbi alilazimika kufikiria jambo ambalo huwasumbua wakusanyaji wote wanapozeeka. Mkusanyo mkubwa ni mzigo. Ukiachwa kwa warithi hugawanywa. Ukipelekwa mnadani hutawanyika kila kipande kivyake, na kazi ya maisha huisha alasiri moja. Wapo wanunuzi wa ng'ambo waliokuwa tayari kumlipa fedha nyingi. Angekubali, vitabu vile vingerejea kwenye miji ile ile alikovitoa, na mwanafunzi wa Kenya angelazimika kuomba viza ili kusoma habari za babu yake.

Jambo hilo halikuwa la kuwazia tu. Katika miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, kilipata nakala za mikrofilamu za sehemu kubwa ya nyaraka za kikoloni za Kenya, na wasomi wengi wa Marekani wameandika historia yetu wakiwa wameketi New York.

Murumbi alikataa fedha za wageni. Mwaka wa 1976 aliafikiana na serikali ya Kenya, akaiuzia mkusanyo wake kwa bei ya chini kuliko aliyoahidiwa kwingine, pamoja na nyumba yake ya Muthaiga. Matarajio yalikuwa kwamba nyumba hiyo ingekuwa taasisi ya taaluma za Afrika yenye jina lake: vitabu vibaki kwenye rafu zake, sanaa ibaki kutani, na watafiti kutoka kote barani wapate mahali pa kusomea na kulala. Shirika la Unesco lilihusishwa katika mipango hiyo.

Yeye na Sheila walihamia Trans Mara, katika nchi ya Wamaasai. Kwa Murumbi hapo palikuwa ujombani, kwani wengi wa Wamaasai wa Uasin Gishu walikuwa wamehamishiwa sehemu hizo enzi ya ukoloni. Alijenga nyumba kubwa katika shamba lake la Intona, na kwa miaka kadhaa aliishi kama mfugaji, mbali na magazeti na wanasiasa.

Taasisi haikujengwa. Vitabu na sanaa vilihamishwa kutoka Muthaiga. Nyumba yenyewe iliachwa bila matunzo, hatimaye ikabomolewa, na ardhi yake ikagawanywa viwanja. Mwandishi huyu amefanya kazi katika vyumba vya habari kwa miaka mingi na ameshahariri habari nyingi za unyakuzi wa ardhi, lakini chache zinauma kama hii, kwa sababu aliyetoa alikuwa hai akitazama.

Afya yake ilipodhoofika alirudi Nairobi kuwa karibu na madaktari, akaishi Muthaiga hiyo hiyo katika nyumba ndogo. Inasimuliwa na waliokuwa karibu naye kwamba siku moja alitaka apelekwe akaione nyumba yake ya zamani. Alikuta miti ya kiasili aliyoitunza imekatwa na mahali penyewe pamekuwa magofu. Walio karibu naye waliamini kwamba uchungu wa siku hiyo ulichangia kummaliza. Alifariki mnamo Juni 22, 1990, siku nne baada ya kutimiza umri wa miaka 79.

Alikuwa ametaka azikwe karibu na Pinto, na akazikwa City Park, Nairobi, hatua chache kutoka kwa kaburi la rafiki yake. Sheila alimfuata mwaka wa 2000, akalazwa kando yake. Hata hapo hapakuwa salama. City Park imewahi kumezewa mate na wanyakuzi, na makaburi yenyewe yaliharibiwa. Mwaka wa 2009 wahisani na marafiki waliigeuza sehemu hiyo kuwa bustani ya kumbukumbu yenye vinyago vya wasanii wa Kenya ambao Murumbi aliwaunga mkono enzi zao.

Vipi kuhusu vitabu? Hivyo vilinusurika. Idara ya Kuhifadhi Nyaraka za Kitaifa ilihamia mwishoni mwa miaka ya 1970 katika jumba la mawe lililojengwa mwaka wa 1906 na benki ya National Bank of India, kando ya barabara ya Moi Avenue. Huko ndiko vilikopelekwa vitabu adimu, na ghorofa ya chini imekuwa ukumbi wa maonyesho unaoitwa kwa jina la Murumbi. Sehemu nyingine ya vitu vya Murumbi na Sheila huonyeshwa katika Nairobi Gallery, jengo la mwaka wa 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, ambako wakazi wa jiji walikuwa wakiandikisha vizazi, ndoa na vifo.

Mtu aliyenunua vitabu vya watu wengine maisha yake yote hakuandika cha kwake mwenyewe. Katika miaka ya 1970 alikubali kuhojiwa kwa kirefu na mtaalamu wa nyaraka, Anne Thurston, na mazungumzo hayo yalikaa yakisubiri hadi mwaka wa 2015 yalipochapishwa kuwa kitabu. Kufikia wakati huo msimulizi alikuwa amekaa kaburini robo karne.

Kwa anayetaka kuuona mkusanyo wake, jumba hilo la Moi Avenue liko mkabala na lililokuwa hoteli ya Hilton. Chini kuna vinyago, milango iliyochongwa na vitambaa, na wengi huishia hapo. Vitabu viko ndani zaidi, na havionekani mpaka uviulizie.